Tezi Kumi na Nne

Baba yangu alikuwa bwana mifugo kwa miaka thelathini na mbili, na mpaka leo akikusalimia anakukagua meno. Alipoambiwa ana saratani ya utumbo mpana, alichomuuliza daktari ni kisu chake anakinoa na nini. Jamani, niliona haya mpaka basi!

Upasuaji ulikwenda salama. Lakini pamoja na kile kipande cha utumbo walitoa tezi kumi na nne za jirani, wakazipeleka maabara kuangalia kama ugonjwa umesambaa. Ukiwa umesambaa, basi tena. Wiki mbili nilikuwa sili, na mzee anawaambia wageni mgonjwa ni mimi.

Siku ya majibu muuguzi alitupa karatasi, akasema daktari anakuja kutueleza. Nikatoka kidogo kununua maji. Narudi, namkuta baba kasimama katikati ya korido, mkono mmoja karatasi, mwingine kaushika mkanda wa suruali.

"Wamenihasi!"

"Baba, punguza sauti."

"Nipunguze nini? Soma! Tezi ya kwanza hasi, ya pili hasi, zote hasi! Nimehasi madume tangu hujazaliwa, leo unifundishe neno hilo? Wamenifanya maksai bila hata kuniuliza!"

Kwenye benchi watu hawana mbavu.

"Kwani baba," nikamuuliza, "ulikuwa nazo kumi na nne?"

Akafikiri. "Hapo ndipo na mimi nashangaa."

Nilicheka. Nilidhani najua hasi ya hospitali maana yake nini, ila niliogopa kuitamka nikakosea.

Daktari akaja, akatukalisha. "Mzee, hakuna aliyekuhasi. Hasi ni kwamba tumeitafuta saratani humo, hatukuiona."

"Zote?"

"Zote. Hata kingo za pale tulipokata ni safi."

"Zihesabu, nikusikie."

Mungu ambariki yule daktari, alishika kalamu akahesabu mstari kwa mstari. Kwenye ya tano baba akanishika mkono, akaung'ang'ania. Kumbe utani wote ule, mzee wangu alikuwa anaogopa kunishinda mimi. Roho iliniuma.

"Kumi na tatu, hasi. Kumi na nne, hasi."

Baba hakuniachia.

"Rudia, mwanangu," akamwambia daktari. "Taratibu."