Nafasi ya Vidole Vinne

Siku ya kwanza Mwalimu Mwero alituambia kwamba kompyuta haina miujiza. Inajua kuunganisha maumbo mawili yakawa moja, na inajua kutoa umbo moja ndani ya jingine. "Chagueni kwanza kinachobaki," alisema, "kisha kinachokata. Mkipindua, mtabaki na kipande msichokitaka." Tulikuwa wanafunzi tisa katika karakana ile ya Msambweni, na mimi Sumaiya, mwenye miaka thelathini na minne, ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote. Wenzangu walitoa silinda ndogo ndani ya silinda kubwa, wakapata kikombe, wakachekelea. Mimi sikufuata kikombe cha chai. Nilifuata mguu wa baba.

Baba yangu, Mzee Abdalla, amechimba makaburi ya Bodo kwa miaka arubaini. Mwaka juzi kisukari kilimfanya akatwe mguu wa kulia, chini ya goti. Hakulia. Alichouliza ni kimoja tu: "Tofiki atalazwa na nani?"

Ami Tofiki alikuwa rafiki yake tangu chuoni, walipokuwa wakisomeshwa Kurani kwenye mkeka mmoja. Waliahidiana ujanani kwamba atakayebaki nyuma atashuka kaburini, amlaze mwenzake kwa mikono yake ndani ya mwanandani, ule mwanya unaochimbwa ubavuni mwa kaburi. Sasa figo za Ami Tofiki zilikuwa zimechoka, na madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani. Na magongo hayashuki kaburini.

Bomba la chuma na unyayo wa mpira vya mguu wa bandia tulivipata. Kilichokosekana ni kikombe cha kuingiza kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, na mashine ya karakana ingeweza kukichapa kwa plastiki ngumu, mradi nimpime baba. Akakataa. Kwetu maiti hunyoshwa, akapimwa kwa uzi toka utosini hadi unyayoni, uzi ukafungwa fundo na kupelekewa wachimbaji. "Nimepima watu zaidi ya mia tatu," baba aliniambia, "na hakuna hata mmoja aliyeamka."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia huo ni ushirikina, tena kwa sauti, nikiwa nimesimama na yeye ameketi. Akazidi kukataa. Basi siku moja baada ya adhuhuri, alipopitiwa na usingizi, nikampima kwa uzi wa cherehani, kwa sababu utepe wa chuma ungemwamsha.

Kwenye kompyuta nilijenga kigutu chake: silinda, koni iliyopungua kuelekea chini, na nusu ya tufe mwishoni. Nikaviunganisha vikawa kitu kimoja. Nikakizungushia umbo nene kama gogo, kisha nikakitoa ndani yake. Kigutu kikatoweka kwenye kioo, likabaki shimo lake. Niliona fahari iliyonijaa kifua.

Kikombe kilipokwisha kuchapwa, baba alikaa barazani akakisukuma. Kikaingia nusu, kikakwama. Alisukuma tena mpaka ngozi ikachunika, damu ikatoka. Akakivua.

"Umenipima," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nikiwa nimelala."

"Ndiyo."

Siku nne hakusema nami. Nililia jikoni, kwanza kwa hasira, kisha kwa aibu, na aibu ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Siku ya tano Ami Tofiki akatuita wote wawili. Alikuwa amelala kitandani, amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki vilevile.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Uzi ule unao?"

Nilikuwa nao. Akamgeukia baba. "Abdalla, nipime."

"Astaghfirullah, Tofiki!"

"Nipime nikikuona. Sitaki kungoja nipimwe nikiwa sina la kusema."

Baba akauchukua uzi, akampima, utosini hadi unyayoni, akafunga fundo, akaukata. Ami Tofiki akacheka mpaka akakohoa. "Nimepimwa, na bado nataka uji! Haya, zamu yako."

Baba akaketi, akaninyoshea kigutu mwenyewe, macho yake ukutani. Nikapima polepole, mahali panne.

"Lile shimo ulilikata sawasawa na mguu?" aliniuliza.

"Sawasawa kabisa, baba."

"Ndiyo maana. Huchimbi mwanandani sawasawa na maiti. Mikono ya wanaomlaza itapita wapi? Sisi huongeza vidole vinne."

Pengine Mwalimu Mwero alilisema hilo darasani na mimi sikusikiliza. Nilimaliza kupima, nikaenda kuchukua uji. Kesho yake nilinenepesha kigutu cha kompyuta kwa milimita tatu, unene wa soksi, ndipo nikatoa. Kikombe cha pili kiliingia. Baba alisimama akishika fremu ya mlango, kisha akaiachia.

Ami Tofiki alifariki siku ya Jumatano, wiki tatu baadaye. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Niliketi mkekani na mjane wake, Bi Ummulkheir, tukasikia sauti za wanaume zikienda na jeneza mpaka zikapotea. Niliwaza juu ya skrubu nne zilizoshika kikombe kwenye bomba. Niliogopa. Kompyuta haikunionyesha uzito wa mzee anayeshuka shimoni kumpokea mzee mwenzake.

Walirudi kabla ya magharibi. Baba alikuja nyuma ya wote, kwa miguu yake, mchanga umemjaa mpaka kiunoni. Mahir, mwana wa marehemu, alinijia. "Alishuka mwenyewe, dada. Akamlaza mwenyewe. Hakukubali kushikwa."

Nilimvua baba mguu barazani, nikamwaga mchanga ulioingia kikombeni, nikalia bila kujificha. Aliniacha nilie. Kisha akatoa mfukoni uzi wangu wa cherehani, uliokunjwa vizuri, una fundo.

"Huu wa Ami Tofiki?" niliuliza.

"Wa Tofiki tumeutumia leo. Huu ni wangu. Siku ile ulipokwenda kuleta uji, nililala kando yake akanipima. Alisema hataki nipimwe na mtu mwingine."

Akauweka kiganjani mwangu, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Utunze. Siku yangu ikifika, mpe Mahir. Na umwambie aongeze vidole vinne."