Weupe wa Daraja la Kwanza

Asubuhi ya siku ya sita tangu afunge taa mpya, Mikaeli alifungua mlango wa maabara ya shule akakuta matumbawe yameanza kuwa meupe. Akafurahi.

Tangi lile la kioo lilikuwa la Mwalimu Agripina, anayefundisha baiolojia pale Handeni. Wanafunzi wake wengi hawajawahi kuiona bahari, kwa hiyo alinunua vipande vitano vya matumbawe kwa watu wanaoyaotesha, kila kimoja sawa na ukucha, akachanganya maji na chumvi yake, akavilea miaka mitatu hadi vikatoshana na ngumi. Taa yake ya zamani ilipochoka alipata nyingine ya LED, akamwita Mikaeli, fundi sola kutoka Kilole, Korogwe, ambaye mwezi huo alikuwa na kazi Handeni. Alifika kuifunga siku ile ile mwalimu alipokuwa anaondoka kwenda kusahihisha mitihani.

"Fundi, nakuachia wanangu," alisema mwalimu, begi begani. "Washa asubuhi, zima jioni."

Taa ilikuwa na kitufe cha kuzungusha, sifuri hadi mia. Mikaeli hakuona sababu ya kumpa mtu nusu ya kitu alichokinunua kizima. Akaweka mia.

Na weupe ule aliupenda kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Baba yake alifanya kazi miaka thelathini kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, akipanga singa, nyuzi za mkonge, kwa madaraja. Singa zikianikwa juani zikatoka nyeupe pe, hizo ni daraja la kwanza. Zenye doa la kahawia zilitupwa pembeni, daraja la tatu. Nyumbani kwao neno "nyeupe" lilikuwa sifa, hata kwa ugali.

Jioni ile mwalimu alipiga simu.

"Fundi, wanangu wazima?"

"Wazima, mwalimu. Tena wametakata! Weupe kama singa za daraja la kwanza."

Mwalimu akarudia taratibu: "Weupe?"

"Pe."

"Yesu wangu! Taa umeweka ngapi?"

"Mia."

"Fundi, umewaunguza!"

Akamweleza kwa haraka. Ndani ya tumbawe huishi vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyolitia rangi ya kahawia, na ndivyo vinavyolilisha. Mwanga ukizidi, tumbawe huvifukuza. Linabaki jeupe, na njaa.

"Halijafa bado," alisema mwalimu. "Lakini halikai hivyo muda mrefu. Na usiliweke gizani, vimea vinavyobaki vitakufa pia."

"Sasa niweke ngapi?"

"Sijui, fundi. Ile ya zamani haikuwa na namba, ilikuwa inawaka tu." Sauti yake ilishuka. "Miaka mitatu. Yakifa hayo, sina nguvu ya kuanza upya."

Mikaeli hakukaa tena akatulia. Aliteremsha hadi hamsini, akatoka, akarudi, akaweka arobaini. Asubuhi aliona kumefifia mno, akapandisha sitini. Mchana akashusha thelathini. Kazini kwake alifunga waya kinyume mara mbili, akaacha ngazi imeegemezwa ukutani, akarudi mbio shuleni.

Mzee Semboja, mlinzi, alimtazama kutoka mlangoni akitafuna muwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hiyo ni taa au redio? Maana tangu asubuhi unatafuta stesheni."

"Mzee, hawa wanakufa."

"Mawe yanakufa?" Semboja akacheka, akatema makapi. Halafu akasogea karibu na kioo, akaacha kucheka. "Mbona juzi yalikuwa na rangi?"

Jumamosi Mikaeli alipanda pikipiki kurudi Kilole. Mkewe, Yusta, alikuwa nyuma ya nyumba akinyunyizia miche ya kabichi. Ni mtu wa Bungu. Kitalu chake amekiezeka majani makavu kama walivyofanya kwao mlimani. Mikaeli alimsimulia yote akiwa amesimama, kofia ya pikipiki kichwani.

"Vua kofia kwanza, baba Angel," alisema Yusta. "Mimi hao wa baharini siwajui. Lakini mche ukibabuka, siurudishi kwenye jua lile lile ulilokuwa unaliweza. Unakaa kwenye kivuli kuzidi hapo mwanzo, mpaka utoe jani. Ndipo napunguza majani ya paa juu, kidogo kidogo."

"Hapo mwanzo ndipo nisipopajua!"

"Taa ya zamani iko wapi?"

Mikaeli alimtazama. Iko karakanani. Aliichukua mwenyewe ili anyofoe vipuri, bado hajaifungua.

Aliingia karakanani bila kunywa chai. Akatafuta kipande cha sola kilichotoka kwenye tochi mbovu, akakiunganisha na mita ya umeme. Akaining'iniza taa ya zamani juu yake, kimo kile kile ilichokuwa imefungwa juu ya maji, akaiwasha. Mita ikasoma kumi na mbili. Akapima mara tatu. Kumi na mbili.

Saa tisa alikuwa Handeni. Chini ya taa mpya, ikiwa mia, sola ile ile ilisoma arobaini na nane. Alizungusha taratibu hadi mita ikarudi kumi na mbili. Kitufe kilikuwa kwenye ishirini na tano. Hapo ndipo yalipozoea. Akakumbuka mche uliobabuka, akashusha hadi kumi na tano. Kisha akakifunga kitufe kwa utepe wa umeme, mizunguko minne, ajizuie mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilimtesa. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, unakuta utepe, unarudi mfukoni. Vipande viwili vilikufa, vikashika utando wa kijani, akavitoa, akampigia mwalimu na kumwambia bila kuzungukazunguka. Mwalimu akasema, "Vimebaki vitatu. Usiguse."

Hakugusa. Wiki ya pili alifungua utepe, akaongeza alama mbili, akafunga tena.

Wiki ya tatu, asubuhi, aliinama kwenye kioo kama kawaida. Pembeni mwa kipande kikubwa kulikuwa na doa la kahawia, la rangi ya chai iliyomwagika. Akafuta kioo kwa kiganja, akidhani ni uchafu. Doa halikufutika. Na kile cha pili kilikuwa nalo, chini, kwenye shina.

"Mzee Semboja!" aliita. "Njoo uone!"

Mlinzi alikuja, akakunja uso. "Mbona yanachafuka?"

"Ndiyo," alisema Mikaeli, akivuta kiti kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, akaketi. "Daraja la tatu kabisa."