Boriti za Babu Yake Mahfoudh

Hapa Bagamoyo hakuna anayeijua ile nyumba ya Mjerumani ya bustanini kama Bi Kibibi. Aijua kila ufa, kila popo. Ndani tu ndimo hajapata kutia mguu. Miaka thelathini na mmoja ya biashara yake imeishia barazani, yeye na karai lake la vitumbua.

Asubuhi hiyo baraza lenyewe lilitaka kumponyoka. Samia, ofisa wa mambo ya kale, alikuja kuandika kibao cha historia, na funguo angemkabidhi yule ambaye wazee wake waliijenga. Mahfoudh, mwenye duka la mabati, akatokea na kanzu ya Idi, akampita Kibibi bila hata salamu.

"Andika, mwanangu. Babu yangu ndiye aliyeijenga, Mjerumani akampora. Nikipata funguo, kwanza nafagia uchafu huu barazani."

"Uchafu huu jana uliula, mafuta yakikutiririka mpaka kwenye kiwiko."

"Nyamaza, kizee! Wazee wako walikuwa wapi? Si huko Miono, wanafukuza nguruwe mashambani?"

"Waliwafukuza wote, baba. Mmoja tu aliwaponyoka, akaja mjini kuuza mabati."

Samia alificha uso kwenye daftari. Kibibi akalainisha sauti, na wanaomjua wangekimbia hapo.

"Haya, tuyaache. Hebu mwambie mtoto wa watu, babu yako dari alilijengea nini?"

"Boriti za mkoko! Alizikata Mbegani kwa mkono wake. Mimi mwenyewe nimezishika, nilipokuwa mdogo."

"Humo ndani?"

"Humo humo, wallahi!"

Kibibi akaivua kanga ya begani, akaitandaza mbele ya Samia. Ilikuwa na madoa mekundu kama ya damu kuukuu.

"Kila masika dari hili la barazani, lililoungana na la ndani, hunidondoshea maji yake. Hii kanga ya saba. Nimefua mpaka kwa ndimu, hayatoki. Kutu hiyo, mwanangu. Tangu lini mti ukatoa kutu?"

Samia akafungua mlango. Chumba kilikuwa na upana wa hatua kumi ukuta kwa ukuta, mkoko gani ungefika? Juu, lipu ilikuwa imebanduka. Akaokota kokoto, akairusha. Ngaa! Vyuma vya reli, vimeoza kwa kutu.

"Mzee Mahfoudh, ndizo hizi ulizozishika?"

Mahfoudh alitazama juu, akatazama mlango, Kibibi kakikalia kizingiti.

"Mikoko ya zamani," alisema, "ilikuwa migumu sana."