Mkono Usioachia

Odeta aliruka kutoka kwenye bajaji pale Mabatini kabla haijasimama sawasawa, habari imemjaa mdomoni kama pipi kubwa. Kesho ilikuwa send-off yake, na shangazi Sabina alikuwa ameshagoma: hawezi kukabidhi kwa wakwe mtoto asiye wa kaka yake.

Ushahidi wake? Mkono. Mtu wa ukoo wa Masele akikusalimia, umekwisha. Vidole vinaganda, havifunguki, mnabaki mnachekeana tu mpaka vilegee vyenyewe. Wenyewe wanauita upendo. Odeta peke yake anasalimia na kuachia kama watu wengine, na kwa hilo mama yake amesemwa tangu binti hajaota meno.

"Shikamoo baba, shikamoo shangazi, kaeni chini!"

"Tumekaa," baba yake, mzee Masele, alisema.

"Basi kaeni zaidi. Majibu ya Paulo yametoka!"

Paulo, mwana wa shangazi, ndiye yule aliyeshindwa kuachia mkono wa mafuta wa bodaboda akaingia mzima mzima kwenye meza ya muuza samaki. Odeta, anayesomea utabibu kule Nyegezi, ndiye aliyemburuta kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

"Ule mkono ni ugonjwa, shangazi. Wa misuli. Wa kurithi."

"Ugonjwa! Babu yako alimsalimia paroko mpaka misa ikachelewa, leo unamwita mgonjwa?"

"Huyo huyo babu, ndiye wa kwanza!"

Odeta alichukua ndizi mbili mezani, moja mbivu, moja mbichi. "Baba ana jeni mbili. Hii inang'ang'ania, hii inaachia. Kila mtoto anapewa moja tu, kama kurusha shilingi kabla ya mpira. Mimi nikapata inayoachia. Sasa hiyo imetoka kwa nani?"

Mama yake, aliyekuwa anamenya vitunguu mlangoni, akasimamisha kisu.

"Kwangu," baba alisema taratibu.

"Zote mbili ni zako, baba!"

"Ndizi hata sokoni zipo!" Shangazi aliukamata mkono wa Odeta. "Tazameni wenyewe. Huu ni mkono wa Masele huu?"

Odeta akaachia. Shangazi akabaki ameganda palepale, anavuta, anahema, kitenge kinamdondoka.

"Achia basi, wifi," mama alisema kwa upole wa kuua.

"Si... siwezi!"

"Pole. Ni upendo huo."

Mzee Masele alicheka mpaka akajishika kifua. Odeta hakucheka.

"Na huo moyo tunakwenda kuupima, baba. Ugonjwa huu unaufikia."

"Jumatatu," baba alisema, akipangusa machozi. "Ila kesho, Sabina, utamkabidhi binti yangu. Tena utakaa mbele kabisa." Kisha akamgeukia mkewe. "Mwambie tu MC asithubutu kumpa huyu kipaza sauti. Hatutakipata tena."