Kikaragosi cha Joab

Ukuta wa sebule ya mzungu mmoja, kwenye shamba la chai karibu na Sotik, ulijaa picha za kejeli zilizochapwa Uingereza enzi za babu yake: mabwana wenye matumbo kama mapipa, pua za ajabu na vijiguu vyembamba. Ayoo alizipangusa vumbi kila asubuhi bila kuzitazama machoni. Hao wote walishakufa, mzungu alimwambia, kilichobaki ni kicheko. Kicheko gani hicho, jamani, cha kuning'iniza wafu sebuleni?

Siku moja wageni wakaona kikaragosi kimoja kinafanana na Joab, mume wa Ayoo, mpasua kuni wa kiwandani. Wakamwita, wakamsimamisha kando ya picha, wakacheka hadi wakashika mbavu. Joab naye akacheka, angefanyaje? Tangu hapo tumbo lake likaanza kujaa na miguu ikakonda. Na kila Ayoo alipopangusa kioo cha picha ile, aliona yule wa ukutani amepungua tumbo.

Joab alipolala hasemi wala hali chakula, Ayoo aliogopa kumpoteza, akaogopa sana. Akakumbuka desturi ya kwao ziwani: mtu akifa mbali, mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala yake, mambo yakaisha. Basi kifo nacho kipewe karatasi, kimwachie mume wake. Alasiri, ukungu ulipofunika michai, aliiba ile picha, akaichimbia kaburi nyuma ya kambi ya wafanyakazi, akailaza chali. Akailia kwa sauti kubwa, akilitaja jina la Joab, ili kifo kisishuku kitu.

Yunia, jirani yake Mkisii, alivutwa na kilio. Akamkuta anashindilia udongo, naye Ayoo akamweleza yote.

Yunia akautazama ule udongo. "Lakini hiyo tunda, dada, si mnazikianga mtu ameshakufa?"

Ayoo aliacha jembe palepale akakimbia nyumbani.

Alimkuta Joab ameketi mlangoni anakunywa uji. Tumbo lilikuwa limeshuka, miguu imejaa. Ayoo alipiga magoti, akamshika mikono, akalia kwa furaha.

Joab aliiacha mikono yake ishikwe, kwa adabu, kama mtu aliyeshikwa na mgeni. Akautazama udongo uliomjaa Ayoo kwenye nguo, akaweka kibuyu chini.

"Pole sana, mama," akasema. "Mmezika nani?"