Kitambaa cha Jumatatu

Kazini walimwita Sikio, kwa kuwa miaka kumi na sita alikuwa akilisikiliza jua. Jua hutetemeka, nyie, kama sufuria inayochemka, na mitetemo hiyo hubeba habari za ndani kusikofika jicho. Asubuhi ile jibu lilikuwa mezani: kiini cha jua hujizungusha mara moja kila siku saba, uso wake ukijikokota nyuma karibu mara nne. Saa sita mchana mwalimu wake angeituma makala yao jaridani.

Furaha ikamshusha ngazi mbilimbili hadi chumba cha darubini. Mjomba wake, mtunza vyombo, alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa cheupe.

"Siku saba, Mjomba. Tumeipata."

"Hongera, mwanangu. Nisogezee hiyo chupa."

"Mbona unafuta kioo saa za kurekodi?"

"Nazima mtambo dakika tano tu. Kila Jumatatu, saa tatu kamili. Vumbi la wiki si mchezo."

Sikio akaiweka chupa mezani. "Unaandika daftarini?"

"Kwani wewe ukifagia nyumba unaandika?"

"Hujawahi kuruka hata moja?"

"Hata moja. Siku tuliyomzika mke wangu nilipitia hapa kwanza." Alisema kwa fahari, akakikunja kitambaa.

Sikio alipanda juu, akaziondoa Jumatatu zote kwenye hesabu, akaliondoa na vumbi linaloongezeka siku hadi siku. Kile kilele cha siku saba kwenye grafu, alichokiota miaka yote, kikalala chali, mstari mtupu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na yeye hakuwahi hata kuuliza nani anafuta kioo. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Mwalimu, usitume," alisema kwenye simu.

"Una nini wewe? Kiini cha jua kimefanyaje?"

"Sijui kimefanyaje. Tumempima mjomba wangu."

Akamweleza habari ya kitambaa cha kila Jumatatu. Alipokata simu, Mjomba alikuwa mlangoni, daftari jipya kwapani. Alikuwa amesikia yote.

"Ya leo nimeshaiandika," alisema taratibu. "Na zile za nyuma niziandike?"

Sikio alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamvutia kiti.

"Ziandike, Mjomba. Zote."

Mzee akaketi, akavaa miwani, akaanza na ile ya mazishi.