Maiti Lazima Acheke

Watu wa filamu walitoka Chennai kuja kupiga picha za mapanga na visasi kijijini kwetu. Wakamchagua mume wangu, Sadaiyandi, aigize baba wa shujaa, mzee anayeuawa. Kwa sura ile iliyonuna tangu harusi yetu, hakuhitaji kufundishwa kuwa maiti. Mimi, mwombolezaji wa kijiji, nikaambiwa nimlilie.

Nikajipiga kifua, nikaimba: "Ee bwana uliyenipikia uji nilipomzaa Malar wetu! Ee uliyenipepea joto lilipozidi!"

"Safi!" mwongozaji akasema. "Sasa cheka, mzee."

Kwao, aliyeigiza maiti lazima aichekee kamera kabla hajainuka, kuondoa nuksi. Sadaiyandi akalala vilevile, kanuna, damu ya rangi shavuni.

"Cheka, baba Malar, jua linatuua!" nikafoka. "Meno hayo unamwekea nani?"

Akanigeukia. "Mwongo mkubwa we! Uji gani? Lini nimekupikia uji mimi?"

Akaangua kicheko mpaka vumbi likamtoka masharubuni. Kijiji kizima kikacheka naye. Kamera ikazimwa.

Mimi nilikuwa nalia tena, na safari hii hakuna aliyeniambia nilie.